Mafrat Aminova, Aliyetuingiza Wote Chini ya Meza

Kesho, Ijumaa tarehe 27 Juni, duka letu litakapofungwa mapema kwa ajili ya Sabato kama kila Ijumaa, Dada Mafrat Aminova atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya kuuza pete katika Mtaa wa Arobaini na Saba. Kamati ya chakula hiki cha jioni, yaani mke wa bosi, imeniomba mimi Gavriel, fundi wa kupachika mawe, niandike ukurasa mmoja wa kumsifu. Nilikubali haraka. Nimefanya kazi nyuma ya mgongo wake kwa muda mrefu kiasi kwamba najua mengi ambayo angependa yasiandikwe. Ukurasa mmoja haukutosha, kwa hiyo wenye njaa waanze na sambusa.

Dada Mafrat alizaliwa Samarkand, na huko alikuwa mkata nguo katika kiwanda cha magauni. Alipofika Queens na marehemu mumewe na watoto wawili, hakuwa anajua Kiingereza wala almasi. Bosi wetu, Nison Kalontarov, ambaye siku hizo alikuwa na nywele, alimpa kazi ya kufuta vioo na kuchemsha chai. Nison husema alimwajiri kwa huruma. Dada Mafrat husema alikubali kwa huruma. Walipokuwa wakibishana hivyo mimi nilikunywa chai, na ilikuwa nzuri.

Siku moja, kitambaa cha kufutia kikiwa begani, alinijia na mawe mawili kwenye kiganja. Uzito sawa, rangi sawa, yote mawili safi. Akaniuliza, "Gavriel, mbona hili limeamka na hili limelala?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na baba yangu. Almasi haina taa ndani. Mwanga huingia kwa juu, hugonga kuta za chini, kisha humrudia mtazamaji machoni. Mchongaji akiziweka kuta hizo sawasawa, jiwe linachangamka. Akiliacha na tumbo refu ili lipime uzito mkubwa kwenye mizani, mwanga unatorokea ubavuni na katikati panabaki giza. Akilichonga bapa mno, unatazamwa na duara la kijivu lililofifia. Na mnunuzi wa lile lenye tumbo analipia uzito uliojificha chini, mahali ambapo hakuna jicho litakaloufikia pete ikishavaliwa.

Alinisikiliza akitikisa kichwa. "Kumbe ni gauni tu," akasema. "Kitambaa kinatoka kwa Mungu. Ila mkasi anaushika mtu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyempumzisha wala aliyepumzika. Mteja aliyeingia kuuliza bei ya karati mbili alitoka ameshikishwa kioo cha kukuzia, amefundishwa kiuno cha jiwe, tumbo la jiwe na uso wa jiwe, na mara nyingine amelishwa. Wale waliokuja na vyeti vyao wakijisifia rangi na usafi aliwasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na mchongo?" Wengi walikuwa hawajaufikiria. Aliwaambia kwamba rangi na usafi jiwe limezaliwa navyo, ila mng'ao limepewa na mtu, na mtu huyo huenda siku hiyo alikuwa na haraka.

Sasa niseme habari ya meza, maana nikiiacha mtadhani nimelipwa.

Ukumbi wetu una vibanda vingi vya vito, na kila kibanda kina taa kali. Chini ya taa kali kila kitu kinang'aa. Dada Mafrat alithibitisha hilo kwa kuweka kipande cha chupa ya soda kwenye kitambaa cheusi na kumwacha mteja akisifie. Baada ya hapo alimwambia, "Haya, mwanangu, sasa twende tukalione jiwe lako likiwa nyumbani." Hapo alimshika mkono, akapiga magoti, na kumwingiza chini ya meza, kwenye kivuli. Jiwe lililochongwa vizuri, hata gizani hivyo, huokota kila chembe ya mwanga na kuitumia. Lililochongwa vibaya huzimika, na mteja huliona likizimika kwa macho yake.

Mara ya kwanza alipofanya hivyo hakutuonya. Wageni hapa huenda hawajui kwamba katika mtaa wetu mtu akipiga magoti, maana yake ni moja tu: jiwe limeanguka. Na jiwe likianguka, hakuna anayeinua mguu. Basi Dada Mafrat alipozama chini ya meza na daktari mmoja wa meno kutoka New Jersey, ukumbi mzima uliganda. Mlinzi akafunga mlango. Hovsep, Mwarmenia wa kibanda cha pili, akavua viatu na kuvikung'uta. Reb Zanvil, dalali wetu, akajilaza kifudifudi na koti lake refu jeusi, ndevu zikifagia sakafu. Kote wanaume wazima walikuwa wanatambaa. Kutoka chini ya meza ikasikika sauti ya Dada Mafrat, tulivu kabisa: "Unaona hapo katikati? Ile ndiyo raha yenyewe."

Daktari wa meno alinunua. Hovsep hakutusemesha hadi sikukuu. Dada Mafrat alishona mito miwili ya kupigia magoti, mmoja wake na mmoja wa mteja, na ukumbi ukazoea. Wateja nao walipelekana. Tulianza kupokea watu waliotumwa na shangazi zao kutoka Brooklyn, waliofika wakiuliza kwanza meza iko wapi.

Aliyeteseka ni Nison. Nison ni mtu mwema, lakini anapenda kitu kionekane. Mwaka mmoja alileta taa mpya za dari, nyingi na kali, hata nikapachika mawe nimevaa miwani ya jua. Dada Mafrat alizitazama akasema, "Tunafanya upasuaji hapa?"

"Wateja wanapenda mwanga, dada."

"Wataupenda. Watarudi nao nyumbani?"

"Dada Mafrat, hebu niachie nami niwe bosi hata siku moja."

Akamwachia. Wiki iliyofuata alibaki nyumbani kusafisha jiko kwa ajili ya Pasaka ya Kiyahudi, isiyotaka hata chembe ya mkate ndani ya nyumba, na kwa wanawake wa kwetu hiyo si kazi ya mchezo. Wiki hiyohiyo Reb Zanvil alikuja na jiwe la karati tatu na ushee. Alilifungua kutoka kwenye karatasi yake, akaliweka kwenye kitambaa, akasema, "Tazama mwenyewe, Nison. Mimi nauza, sisifu." Nison akalitazama pale pale kaunta, chini ya taa zake mwenyewe. Liliwaka. Nilimwona usoni, alishanunua kabla hajafungua mdomo. Wakabishana bei kama ilivyo ada, kisha akatoa mkono na kusema "mazal," yaani bahati njema, na Reb Zanvil akaushika na kusema "mazal," na mambo yakaisha. Kwetu neno hilo likisemwa mkono ukiwa ndani ya mkono, hakuna karatasi inayohitajika na hakuna kurudi nyuma. Anayerudi nyuma hataonyeshwa jiwe tena na mtu yeyote mtaani, na watoto wake wataulizwa baba yao alikuwa nani.

Dada Mafrat alirudi baada ya sikukuu, mikono inanuka sabuni. Nison alimwekea jiwe mbele kwa madaha. Alilitazama juu ya kaunta. Akashuka nalo chini ya meza. Alikaa huko muda mrefu, na alipotoka aliliweka kwenye kitambaa akaenda kuchemsha chai, jambo ambalo lilinitisha kuliko kelele zake zote.

"Sema basi," akasema Nison.

"Ulilitazamia wapi?"

"Hapa."

"Chini ya hizi?" Akaonyesha dari kwa kidole.

Nison akatazama juu, akatazama jiwe, akatazama juu tena. Alikuwa ameingizwa mjini na taa alizozinunua kwa hela yake. Jiwe lilikuwa na tumbo la kutisha. Uzito wote ulikaa chini, kwa juu lilionekana dogo, na katikati palikuwa na giza. Reb Zanvil hakumdanganya hata neno moja. Tukalibandika jina la Mjomba, kwa ajili ya lile tumbo, na Mjomba akakaa kwenye sefu. Alitoka kila alipokuja mteja wa mawe makubwa, akashuka chini ya meza na Dada Mafrat, akarudi sefuni. Sehemu kubwa ya mtaji wa duka ilikuwa imelala ndani ya tumbo lile, na Nison alianza kuja kazini bila kunyoa.

Hapo ndipo akaja Curtis Tillery. Huyu alikuwa fundi wa lifti kutoka Bronx, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, na alitaka pete ya kumchumbia mwalimu mmoja wa chekechea. Alikuwa amejinyima kwa miaka. Alipiga simu kwanza kusema atakuja Jumanne na mama yake, na kwamba anataka jiwe la karati tatu, lisipungue. Nison aliweka simu chini akamwita Dada Mafrat kando, ila kando ya kibanda chetu ni kwenye meza yangu, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Huyu ni wa kwangu," alisema. "Ananunua Mjomba. Usimwingize chini ya meza."

"Nison, mdogo wangu..."

"Hapana. Nisikilize. Nikishindwa kumuuza huyu, sijui kama Septemba tutakuwa na duka. Wewe, mimi, Gavriel. Nakuomba. Niahidi hutampeleka."

Dada Mafrat alimtazama kwa muda, na naamini alimwonea huruma kweli, maana aliyemtazama alikuwa mtu aliyempa kazi alipokuwa hana hata lugha ya kuombea. "Sitampeleka," akasema.

Jumanne walifika. Mama yake Curtis, Bi Odessa Tillery, alikuwa amevaa kofia ya kanisani yenye manyoya na alitembelea fimbo kwa sababu ya nyonga. Nison aliwasha kila taa. Mjomba alitolewa, akawaka, na Curtis akalegea. "Ni zuri sana, mama," alisema. "Cheki linavyowaka!" Dada Mafrat alisimama pembeni na birika la chai, mdomo ameubana. Nison alikwishaanza kuongelea saizi ya kidole.

Bi Odessa alimpa mwanawe fimbo, akalichukua jiwe mkononi mwa Nison kama anayemnyang'anya mtoto kiberiti, akauliza, "Meza ndiyo hii?"

"Mama, nyonga yako!" akasema Curtis.

"Nyonga ni yangu. Dada Earline wa kwaya yetu alinunua hapa. Aliniambia kama hujaingia chini ya meza, hujanunua." Na akashuka, polepole, kwa vituo, kofia ikitangulia. Dada Mafrat hakumgusa. Aliusukuma mto kwa mguu tu, na mto haukuwa kwenye ahadi.

Tulisubiri. Nison alifuta jasho. Kutoka chini ya meza Bi Odessa akaita, "Dada mwenye chai! Wewe una watoto?"

"Ninao wawili."

"Huyu mtoto wangu amefanya kazi usiku na mchana kwa hela hizi. Ungekuwa wewe, ungemwacha mwanao alinunue hili?"

Hapo ahadi ilikuwa imekwisha kazi. Hakuna aliyemwahidi mtu kuhusu swali. Dada Mafrat alimtazama Nison, na Nison alimtazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu asiye msibani. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba uzuri uko machoni pa mtu, kama wanavyosema wauzaji wote wa mtaa huu kabla ya chakula cha mchana. Alijua vizuri kuliko mimi duka lilipofikia, na kodi ya nyumba yake ilitegemea duka hilohilo.

"Hapana," akasema. "Nisingemwacha."

Curtis alimwinua mama yake, wakashukuru, wakaondoka. Ukumbi wote ulikuwa kimya, maana majirani wetu wana kazi nyingi ila hawajawahi kukosa muda wa ugomvi wa watu. Nison alisema kwa sauti ndogo kwanza, kisha kubwa. "Umeniua. Umeniua mbele ya watu. Toka. Chukua vitu vyako, usirudi hapa kesho wala siku nyingine!"

Akachukua mkoba, chupa ya chai na mto wake. Wa mteja aliuacha. Alipopita kwangu alisema, "Gavriel, yule jamaa wa pete ya yakuti anakuja saa nane, usimsahau," akaenda zake. Unga ulikuwa umemwagika, na bado alikuwa anatupangia kazi.

Nilikasirika, nakiri, na nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kumwambia Nison. Sikuyasema. Nilipogeuka sikumwona. Nikatazama chini, nikaona viatu. Bosi wetu alikuwa amepiga magoti chini ya meza, peke yake, na Mjomba mkononi. Ukumbi, kwa mazoea yake ya zamani, ukaganda. Hovsep akainama na kuuliza kwa upole, "Nison, ndugu yangu, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu," akajibu kutoka huko chini, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimdanganya jirani.

Asubuhi yake nilipofika, mlango ulikuwa wazi, vioo vimefutwa, na Dada Mafrat alikuwa anapanga sahani. Hakueleza na sikuuliza. Nison akaingia, amenyoa. Alisimama katikati ya duka kwa muda, akitafuta pa kuweka mikono. Mwishowe akasema, "Chai iko wapi?" Ikaletwa. Alipofika nusu ya kikombe akasema, "Nalipeleka juu likachongwe upya."

Kwa wasiojua: kuchonga upya ni kulikata tumbo, na tumbo ndilo lililokuwa limebeba uzito. Jiwe lingeshuka chini ya karati tatu, na kushuka mstari huo pekee kunapunguza bei kwa namna inayouma. Tena linaweza kupasuka kwenye gurudumu la mchongaji, na hapo mtu anabaki na vumbi la gharama. Nison alikwenda nalo ghorofani kwa mchongaji, na Dada Mafrat akaenda naye, kwa kuwa alisema mtu hapaswi kukaa peke yake nje ya chumba cha upasuaji. Walikaa kwenye benchi siku nzima. Nilipowapelekea sambusa za malenge, niliwakuta wanabishana kuhusu pilau, kama inawekwa zabibu au la, na nikajua yameisha.

Mjomba alishuka akiwa mwembamba. Alikuwa amepoteza zaidi ya nusu karati, ila ukimtazama kwa juu hujui kapunguza wapi. Nison alimpeleka moja kwa moja chini ya meza, hata kaunta hakufika. Tuliingia wote watatu, na Hovsep kichwa tu. Palikuwa na giza, na jiwe lilikuwa linacheza ndani yake, cheche nyeupe, kisha ya rangi, kisha nyeupe, kwa kupumua kwetu tu. Nison alilia kidogo. Alisema ni vumbi la chini ya meza, na kwa kweli lipo.

Bi Odessa alipigiwa simu, akaja, akashuka kwa vituo vilevile, na alipopanda alisema, "Hili sawa." Curtis alililipia pungufu ya alivyokuwa tayari kulipia lile nene. Nison hakupata faida ya kusimulia, lakini Septemba duka lilikuwepo. Mwalimu wa chekechea alikubali. Bado wawili hao huja na pete yao kila mwaka ili Dada Mafrat aisugue kwa sabuni ya vyombo na kumsema yule mwalimu kuhusu losheni ya mikono, ambayo kwa maoni yake imezima almasi nyingi kuliko wachongaji wote wabaya wa dunia hii.

Mengine nayataja mbiombio. Amefundisha wauzaji wanane, na watatu wao wana maduka yao leo na wanatuharibia biashara. Hajawahi kukubali kwamba kuna mtu mwingine anayejua kukata karoti za pilau. Amezuia ndoa moja, anasema mbili. Kiingereza chake hadi leo kinaeleweka vizuri zaidi chini ya meza kuliko juu yake. Na sisi tuliofanya naye kazi tumeharibika, hatuwezi tena kukaribishwa kwenye sherehe ya uchumba bila kutafuta kivuli. Nitamkosa sana. Sitaki kulichezea neno hilo.

Basi. Nilipokuwa naandika haya nilikwenda kwa Nison anihakikishie tarehe, ili niandike kwa usahihi kwamba amefanya kazi bila kukatiza. Akavuta kiti.

"Kuna tatizo," akasema. "Mimi nilimfukuza."

"Lakini ulimrudisha."

"Lini?"

Nikafikiri. Tukafikiri wote. Tukamwita mke wake, naye akafikiri. Tukamuuliza Hovsep, ambaye hajasahau neno lolote lililowahi kusemwa ukumbini. Hakuna aliyewahi kusikia Nison akimwambia arudi. Alikuja tu asubuhi ile akafungua duka, na bosi akaulizia chai. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu amekuwa akifanya kazi mahali alipofukuzwa, kwa sababu kulikuwa na wateja na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Nison alitaka alitengeneze jambo hili mwenyewe leo kwa kusimama na kusema. Amejaribu nyumbani mara kadhaa na mke wake anasema hafiki mwisho. Kwa hiyo ameniagiza niliandike hapa, mbele ya mtaa mzima, na kila anayeshika karatasi hii ni shahidi.

Dada Mafrat Aminova, umerudishwa kazini kuanzia jioni hii, kwa heshima zote. Kesho unastaafu. Nenda ukaishi vizuri, ukapumzishe hayo magoti, na umsamehe bosi wako kwa kuchelewa.